Maneno ya Nusukaputi

Kinesi,
6 Februari 1995

Getruda,

Nimefika. Mguu niliunyoosha kwenye kiti cha basi toka Mwanza mpaka Musoma, na kondakta njia nzima ananung'unika kwamba nimekaa nafasi ya watu wawili. Nilimwambia akavunjike wa kwake kwanza ndipo tuzungumze. Kwenye pantoni ya Musoma wakanibeba kama gunia la mihogo, watu wananitazama. Niliona aibu, lakini hiyo ni aibu ndogo. Ninayokuandikia ni kubwa.

Barua hii naandika mwenyewe. Watoto wa shule wapo hapa nyumbani, wana mwandiko mzuri, lakini mambo haya siyo ya kusomwa na mtoto. Vumilia herufi zangu. Nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa na mtoto mgongoni, na mtoto huyo ni wewe, ulikuwa unanivuta sikio.

Nataka uniambie nilisema nini.

Nakumbuka kuteleza kwenye yale mawe ya Mabatini nikitoka bombani na ndoo yako. Nakumbuka mfupa ulivyotokeza. Namkumbuka daktari, kijana mwenye mikono baridi, akisema mama tunakupa nusukaputi, hutasikia kitu. Akachoma. Dari la tiata, pale wanapopasulia, likawa ziwa. Baada ya hapo sina habari. Nilipozinduka sawasawa nilikuwa wodini, uso umekauka chumvi, na wanawake wa vitanda vya jirani wananitazama kama watu waliotoka ngomani. Yule Nusrat wa kitanda cha dirishani akasema, "Bibi, leo mkweo umempa yake." Wakacheka wote. Nilipouliza yapi, wakageukia ukuta.

Na mkwe mwenyewe, Mhoja wako, hakukanyaga tena wodini. Siku naondoka alileta mfuko wangu stendi, akauweka chini kama unaungua, akaenda zake. Hata kuniamkia kwa mbali hakuniamkia.

Wewe unajua mimi na mume wako tunavyoishi. Tangu alipoleta ng'ombe wake sijagusa mkono wake. Tunaamkiana mimi ndani yeye nje, macho yake kwenye viatu. Ndiyo maana nilipokuja ubatizo wa Sharon wako sikulala chini ya paa lake, nililala kwa Bernadeta, mpangaji mwenzenu wa chumba cha pili, ingawa Bernadeta anakoroma kama mashine ya kusaga. Mama mkwe wa Kijaluo halali kwa mkwe, na Wasukuma nao wana heshima hiyo, hilo moja nawapa. Sasa nasikia mdomo wangu ulifunguka mbele yake na mimi mwenyewe sikuwepo.

Nijibu. Usinipake mafuta.

Mama yako,
Teodora Amondi


Mabatini, Mwanza,
19 Februari 1995

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, Sharon ameota jino la pili na anauma kila kitu. Bernadeta anakusalimu, anasema chumba kimekuwa kimya mno, hakuna wa kumgombeza akiacha moto unawaka bure.

Kuhusu uliyoniuliza, mama, usijisumbue. Siku ile nilikuwa nimetoka nje kumnyonyesha mtoto. Walipokutoa tiata ulikuwa unarusha mikono, unataka kushuka kitandani. Nesi akatazama nani yupo, akamwona baba Sharon amesimama mlangoni na chupa ya chai. Akamwambia, "Wewe, shika mikono ya mama yako." Akajibu, mimi ni mkwe. Nesi akasema, "Akianguka utamweleza daktari kwamba wewe ni mkwe." Basi akashika. Angefanyaje.

Nesi alinieleza kwamba dawa ile ndivyo ilivyo, mtu akiwa anazinduka inamfungua. Kuna mwalimu mkuu mmoja aliwaomba radhi wanafunzi wake wote kwa majina, darasa kwa darasa, mpaka wakamfunika kichwa kwa shuka. Kuna mama wa sokoni alitaka kumwozesha daktari binti yake hapohapo. Kwa hiyo siyo wewe peke yako.

Wewe ulimtukana baba Sharon kidogo tu. Yale maneno yako ya kawaida. Amesamehe, hata hakumbuki. Wodini hakurudi kwa sababu ya zamu kiwandani.

Mguu unaendeleaje? Kile kidonda walichokiachia dirisha kwenye plasta kinakauka?

Binti yako,
Getruda Ayoo


Kinesi,
5 Machi 1995

Getruda,

Kidogo. Mimi kutukana kidogo sijawahi.

Kama wewe unaona haya kuyaandika, nitayasema mimi, maana najua kilichomo humu ndani. Nilisema anatembea kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha. Nilisema Msukuma gani huyu, ameoa kando ya ziwa na pantoni anapanda amefumba macho. Nilisema kiwanda cha nguo kilipompunguza alikimbilia cha samaki, huko anawakatia Wazungu minofu ya sangara, na nyumbani analeta mapanki, mifupa mitupu na vichwa, binti yangu ananyonyesha kwa mchuzi wa miiba. Nilisema na ya viatu vyake alivyokuja navyo kuposa.

Hayo yote nimeyafikiri, na mengine nilimwambia Bernadeta. Kufikiri siyo kosa. Kosa ni kumwambia mkwe usoni, tena mikono yake imeshika yangu. Kanisani siku hizi nakaa benchi la nyuma. Wanadhani ni mguu.

Kwa kosa hilo kwetu kuna mbuzi. Shemeji yangu Odongo anakuja huko na magunia ya dagaa, nimempa mbuzi jike, mzima, siyo wa kuokoteza. Baba Sharon amchinje ale na wanaume wenzake, mimi nisiwepo, na neno liishe. Mwambie sina kiburi kwenye jambo la haki.

Sasa mguu, kwa kuwa umeuliza. Lile dirisha linatoa usaha. Mganga wa zahanati aliinama kunusa akarudisha kichwa nyuma haraka. Anasema mfupa umeingia uchafu, nirudi kwa waliopasua wanifungue tena wausafishe, na nikichelewa watakata juu ya goti. Nikamwambia sirudi. Wakitaka wanipasue hapahapa nikiwa macho, nitauma kitambaa. Sindano ile haitaingia tena mwilini mwangu. Sijui imebakiza nini cha kusema.

Mama yako,
Teodora Amondi


Mabatini, Mwanza,
20 Machi 1995

Mama mkwe,

Shikamoo. Naomba radhi kukuandikia moja kwa moja. Najua siyo utaratibu. Getruda amekataa kuyaandika haya, nami siwezi kumla yule mbuzi.

Mzee Odongo alimfikisha salama. Tumemfunga hapa uani, na wapangaji wananiuliza kila siku tunachinja lini, mpaka mmoja ameshanunua ndimu. Siwezi kuchinja mbuzi wa matusi ambayo sikutukanwa.

Mama, hukunitukana hata neno moja.

Nesi aliponiamuru nikushike mikono niliishika kwa vidole viwili, kama mtu anayeepua sufuria. Wewe ndiye uliyenivuta. Ulichukua kiganja changu ukakilaza shavuni kwako. Ulisema kinanuka samaki kama cha baba yako mzazi, na kwamba tangu azikwe hujapata mkono wa namna hiyo. Ulisema ukiwa kwa Bernadeta unasikia baiskeli yangu nikiiegemeza ukutani asubuhi nikitoka zamu, na hapo ndipo chai yako inapata ladha. Ulisema siku ya posa ulivicheka viatu vyangu mbele ya watu, halafu ukaenda nyuma ya nyumba ukamshukuru Mungu kwamba binti yako amepata mtu mpole. Kisha ukaniita nyathina. Kijaluo sikijui, ila neno hilo nalijua, ni mwanangu, kwa sababu Getruda humwita hivyo Sharon. Ukasema nisitoke, ukifumba macho nisitoke. Ulikuwa unalia.

Mimi ilinipasa ninyamaze, nimwite mtu mwingine, nitoke. Badala yake nilijibu. Nilisema, niko hapa mama, siendi popote. Na mimi nililia, wodi nzima ya wanawake inaniona, mtu mzima na chupa ya chai kwapani. Mama yangu alifariki kabla sijajua kuongea. Neno lile la mama sikuwahi kulitumia kwa mtu.

Ndiyo sababu sikurudi wodini. Haikuwa zamu. Sikujua nije mbele yako kwa macho gani.

Wewe ulikuwa na dawa. Mimi sikuchomwa kitu. Kwa hiyo kama kuna wa kutoa mbuzi, ni mimi.

Ni mimi mkweo,
Mhoja


Kinesi,
4 Aprili 1995

Getruda,

Ya mume wako nimeisoma. Niliisoma jikoni, mlango nimeukinga kwa kinu.

Bora ningemtukana. Matusi yana mbuzi. Unachinja, watu wanakula, mwaka unaofuata mnayacheka. Hili halina mbuzi. Nilimuuliza Odongo kwa kuzunguka, nikamwambia kuna mwanamke mmoja upande wa Tarime, mama mkwe, alimshika mkwe wake akamweka shavuni akambembeleza kama mtoto mchanga, kwa desturi anatoa nini? Odongo alifikiri mpaka ugoro ukamwishia. Akasema hilo hajawahi kulisikia, labda huyo mwanamke alikuwa amelewa. Nikasema labda.

Mimi nilimzika mume na sikulia mbele za watu. Baba yako aliishi na mimi mpaka akafa, na maneno kama hayo hakuyapata, wala hakuyadai. Alijua chakula kipo mezani. Maisha yangu yote mdomo huu nimeubana kwa mambo ya namna hiyo, nimeuachia matusi tu ili upate kazi ya kufanya. Kijana mmoja wa mikono baridi anaufungua kwa sindano, na kila nilichokificha kinamwagika mbele ya Nusrat. Sasa naelewa walichokuwa wanacheka. Ningekuwa nimevuliwa nguo ningeona afadhali, nguo mtu anavaa tena.

Na wewe. Uliniacha nipeleke mbuzi. Ulijua na ukaniacha nimpeleke mbuzi mpaka Mwanza kwa basi la watu.

Siji. Usinitumie mtu, usinitumie nauli. Nikija nitakutana naye kwenye mlango, ataangalia viatu vyake na mimi nitajua anakumbuka nini. Na wakinichoma tena nitasema mbele ya nani, nitasema nini? Mguu na uoze. Una umri wake.

Teodora Amondi


Mabatini, Mwanza,
12 Aprili 1995

Mama,

Shikamoo.

Baba mdogo Odongo amepita hapa tena. Ameniambia kwamba sasa unakaa upande ambao upepo unatokea kwako kwenda ziwani, watu wasisikie harufu. Ameniambia homa inakuja jioni na unawaambia wajukuu ni malaria. Alilia akiniambia. Usimgombeze.

Umenilaumu kwamba nilikudanganya. Nilikwambia matusi kwa sababu matusi nilijua utayamudu. Hiyo ni nusu ya sababu. Nusu ya pili naona aibu kuiandika, lakini naona mwaka huu kila mtu katika ukoo huu anaandika asichotaka.

Nilirudi kutoka kumnyonyesha Sharon nikasimama mlangoni, nikasikia. Mama, mimi ndiye uliyenizaa. Ni mimi niliyekuosha siku zile zote, nikafua mashuka, nikakupikia uji ukasema ni maji ya kufulia. Yale uliyomwambia Mhoja, hata moja hujawahi kuniambia mimi. Nilisubiri pale mlangoni. Nilidhani pengine utafika na kwenye jina langu. Mtoto alikuwa amelala begani, nami nimeegemea mlango kama ombaomba, nasubiri. Ukasinzia.

Kwa hiyo nilipoandika kwamba ulimtukana, nilitaka iwe kweli. Nilimwonea wivu mume wangu kwa ajili ya mama yangu. Hilo nalo sijui lina mbuzi gani.

Sasa sikiliza. Mhoja amehama. Amebeba godoro dogo ameenda kwa kaka yake kule Kamanga, ng'ambo ya maji. Kila siku anavuka na pantoni kuja kazini na kila siku anarudi, yeye ambaye akiona maji yanacheza anashika nguzo. Alisema, mama aje atibiwe, uso wangu hatauona mjini. Nilimwomba asiende, hakunisikia.

Daktari nimemwona mwenyewe na nimemweleza hofu yako. Anasema ukifika kabla ya mwezi kuisha mguu unaweza kubaki. Ukichelewa, hata yeye hatauliza, atakata.

Wewe hupendi watu wakuombe. Sikuombi. Nakungoja stendi.

Getruda


Wodini, Mwanza,
26 Aprili 1995

Baba Sharon,

Marahaba ya barua yako ya mwezi wa tatu, nimechelewa kuiitikia.

Anayekuletea hii ni Bernadeta. Mpe maji na mkeka ajinyooshe kabla hajarudi, pantoni inamchafua tumbo.

Nimekuja. Kesho asubuhi wananiingiza. Leo sijachomwa kitu chochote, nimekunywa chai ya rangi na mkate nimeacha nusu, muulize nesi. Nasema hivyo usije ukatafuta kisingizio baadaye kwamba ni dawa.

Kwanza mbuzi. Msimchinje. Awe wa Sharon, na yule mpangaji wa ndimu anywe nazo chai.

Halafu hili la kukaa ng'ambo. Nani amekutuma? Mwanaume anaacha mke na mtoto anayenyonya anakwenda kubanana kwa kaka yake kwa sababu bibi kizee mmoja alipayuka. Nimefika pale nyumbani wapangaji wote wananiuliza, mama, mkweo kaenda wapi. Nijibu nini? Umeniongezea aibu juu ya aibu ukidhani unaipunguza. Rudi kwako leo. Kama unaogopa maji kaa katikati ya pantoni, karibu na magari, usitazame pembeni.

Jambo la tatu nimelianza mara nyingi nikalikata, nimemalizia Bernadeta karatasi zake.

Niliyosema siku ile siyakumbuki. Nimeyasoma kwako. Barua yako nilikuja nayo, nikaisoma tena hapa kitandani neno kwa neno, natafuta uongo. Nilijua dawa ile inaweza kumsemesha mtu upuuzi, na nilitaka sana iwe hivyo. Uongo nimeupata mmoja. Viatu vyako sikuvicheka siku ya posa, nilivicheka kesho yake, mlipokuwa mmeshaondoka. Mengine siyafuti.

Siyafuti, umesikia. Usinijibu kuhusu hilo. Na jibu ulilonipa siku ile pale kitandani, nalo silidai mbuzi.

Usifikiri sasa tutakuwa tunashikana mikono. Heshima iko palepale. Utaniamkia ukiwa nje, macho chini, nami nitaitikia nikiwa ndani. Kesho ukipenda kuja utakaa benchi la koridoni, siyo kitandani kwangu, na wewe usilie, watu wameshaona vya kutosha.

Atakayenishika mikono ni Getruda. Nimemwambia afike mapema, Sharon amwache kwa Bernadeta, na wakinitoa asitoke kwenda popote, hata akiitwa na nani, mpaka nimalize kusema. Aliniuliza, kusema nini mama? Nikamwambia mimi nitajuaje, nitakuwa sipo. Akachukua chupa ya chai akaenda kuiosha, na chupa yenyewe ilikuwa safi.

Daktari amepita hapa sasa hivi. Yuleyule wa mikono baridi. Amesema safari hii anaweza kunichoma uti wa mgongo, miguu inakufa ganzi, na mtu anabaki na akili zake zote hasemi ovyo. Alidhani nitafurahi. Nimemwambia mgongo wangu auache kama ulivyo, anichome ileile.

Mama mkwe wako,
Teodora Amondi